Mtoe mgonjwa nje, akae anapopajua

Ukiuguza mtu wa saratani, watu watakuletea uji wa lishe, dua na majina ya waganga. Mimi nakuongezea moja: siku anazojiweza, mtoe nje. Tena usimpeleke popote tu. Mpeleke penye kitu anachokijua yeye.

Mama alitibiwa Ocean Road, Dar es Salaam. Hospitali ile, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, inatazamana na bahari. Ukivuka barabara uko ufukweni. Akitoka kwenye mionzi tulikaa kivulini, kanga mbili mabegani, miguu kaitoa kwenye ndara. Mle ndani yeye ndiye wa kuambiwa: lala hivi, usisogee, njoo kesho. Pale nje alinifundisha mimi. Yeye mtu wa Kilwa. Akiyatazama maji anakwambia, "Hii bamvua, maji yanapopwa na kujaa sana. Saa hizi wanawake wa kwetu wako mwambani na vijiti vyao wanatafuta pweza. Kesho maji yatachelewa karibu saa nzima." Na kweli kupwa na kujaa husogea kama dakika 50 kila siku. Sauti yake ya zamani ilirudi, ile ya kutuamrisha.

Ndiyo maana nasema mtu wa Bukoba mtafutie migomba, wa Marangu mtafutie mahali mlima unapoonekana.

Nendeni asubuhi au jioni. Ngozi iliyopigwa mionzi haitaki jua, ifunikeni. Anayetumia dawa za kemo kinga yake hushuka, basi asishike udongo mikono mitupu, na muulizeni daktari wake kwanza. Asiyeweza kutoka, msogezeeni kitanda dirishani. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha habari za wagonjwa wa upasuaji wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani: waliotazama miti waliruhusiwa mapema na kuhitaji dawa kali za maumivu chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Mama alifariki. Matanga yakaanuliwa, wageni wakarudi makwao, na kila niliyekutana naye akaniuliza habari, nami nikajibu nzuri, maana ndivyo tulivyolelewa. Baharini hakuna wa kuniuliza. Naenda maji yakipwa, natembea, nalia nikitaka, nakumbuka alichonifundisha kuhusu bamvua na maji mafu, yale yasiyopwa wala kujaa sana.

Kama una rafiki aliyefiwa, baada ya arobaini kodi bajaji umchukue. Usimwambie ajikaze. Muulize tu marehemu alipenda wapi, mwende huko.