Maswali na majibu: "Run" ina maana ngapi, na nitaitafsiri vipi?

Swali: Mimi ni mfasiri ninayeanza. Nimepewa mwongozo wa pampu ya maji inayotumia petroli, niutoe kwenye Kiingereza. Neno "run" limo karibu kila ukurasa. Mteja ameandika kwenye orodha yake ya istilahi kwamba "run" ni "endesha", na programu ya tafsiri inatoa onyo kila nikiweka neno jingine. Lakini "usiendeshe pampu kavu" hainiingii akilini. Tena nimesoma mahali kwamba neno hili lina maana zaidi ya 600. Ni kweli? Na nishike lipi?

Jibu: Hiyo "usiendeshe pampu kavu" iondoe leo, kabla mwongozo haujamfikia mkulima. Kiingereza kinasema "Do not run the pump dry." Maji yanayopita ndani ya pampu ndiyo yanayoipoza na kuilainisha sili, yaani kile kifaa kinachozuia maji yasivuje. Pampu ikizunguka bila maji, sili inaungua, na baada ya hapo pampu inavuja au haivuti kabisa. Sasa mtu aliyesimama kando ya mto na mashine mpya akisoma "pampu kavu", ataelewa nini? Huenda akadhani anaonywa kuhusu unyevu wa nje. Andika: "Pampu isifanye kazi bila maji ndani yake." Usiandike "usiwashe pampu bila maji" ukadhani umemaliza, kwa sababu onyo hilo linahusu pia pampu iliyowashwa vizuri, kisha kisima kikakauka katikati ya kazi. Ukisema "usiwashe", umelinda mwanzo tu.

Kuhusu hesabu, ulichosoma ni kweli, ila kinahitaji maelezo. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilipokamilika mwaka 1928, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa "set". Katika toleo la pili la mwaka 1989, "set" bado iliongoza, ikiwa na maana zaidi ya 430. Wahariri walipoanza kuandika upya vitomeo, yaani maneno yanayoorodheshwa pamoja na maelezo yake, kwa ajili ya toleo jipya, mmoja wao, Peter Gilliver, alishughulikia kitenzi "run" kwa miezi tisa hivi, na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa amefikisha maana 645. Kazi ya namna hiyo naiheshimu mno. Ni kukusanya mifano ya matumizi ya karne nyingi, kuisoma mmoja mmoja, na kuamua upi uende na upi.

Hata hivyo, 645 hizo si maneno 645 unayopaswa kuyajua. Ndani yake mna maana kuu na vijimaana vyake, mna matumizi yaliyokufa zamani, na mna vitenzi vinavyobeba neno dogo mgongoni kama "run out" na "run over", kila kimoja na maana zake. Mtunga kamusi mwingine angeweza kuziunganisha nyingi akabaki na makumi tu. Mipaka kati ya maana na maana huwekwa na mhariri kwa hoja zake. Haikuandikwa ndani ya neno. Kwa hiyo hesabu hiyo ni ya kamusi fulani. Wewe mfasiri haikusaidii sana.

Kinachokusaidia ni kuuliza maswali mawili: nani au nini kinafanya jambo hilo, na kinafanyiwa nini? Mtu "akirun", anakimbia. Mto unatiririka. Bomba linatoka maji. Pua ya mtoto inatoka kamasi. Kanga inachuja rangi. Saa inakwenda, na injini inawaka au inanguruma. Barabara inaanzia hapa kwenda kule. Mkataba ni wa miaka miwili, wala hapo Kiswahili hakihitaji kitenzi cha mwendo. Kisha geukia yambwa, yaani kinachofanyiwa jambo: biashara unaiendesha, waya unaupitisha, ubunge unaugombea, au kama uko Kenya, unauwania.

Wakati mwingine hata mazingira ya sentensi nzima ndiyo yanayoamua. Bango la afya likisema watu wanawe mikono kwa "running water", sisi tuna msemo tuliouzoea: maji tiririka. Dodoso la kaya likiuliza kama nyumba ina "running water", linataka kujua kama kuna maji ya bomba. Maneno ni yaleyale mawili, lakini ukiyabadilishana umeharibu. Nawa kwa maji ya bomba? Wengi hawana bomba, ila wana kibuyu chirizi na kinatosha kabisa.

Kwa nini "endesha" inakwama? Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili vilivyokaribiana, kimoja cha kukimbia chenyewe na kingine cha kukifanya kitu kikimbie. Baadaye vikaungana vikawa umbo moja, ndiyo maana leo mtu "anarun" na mashine pia "anairun". Kiswahili hakikuunganisha. Sisi tuna mnyambuliko, yaani kuongeza viambishi kwenye kitenzi: enda na endesha, kimbia na kimbiza. "Endesha" imebeba kisababishi, maana ya kukifanya kitu kitende, kwa hiyo inadai kuwepo mtu aliyeshika usukani. Inakaa vizuri kwenye "endesha programu" au "anaendesha duka". Lakini mwongozo ukisema "while the engine is running", hakuna anayeendesha; andika "injini ikiwa inawaka". Mteja wako hakuona tofauti hiyo kwa sababu lugha yake imeificha.

Mwongozo wako utakuwa pia na sentensi kama hizi. "Run the hose from the pump to the tank": pitisha mpira kutoka kwenye pampu hadi kwenye tangi. "Run the engine for 5 minutes before use": washa injini uiache ingurume kwa dakika 5 kabla ya kuipa kazi. "If the engine runs rough": injini ikisitasita, na mafundi wengi watakuambia inamisi; kama mwongozo ni wa fundi, mimi ningetumia neno lao bila kusita. "When fuel runs low": mafuta yakikaribia kuisha. Zote ni "run", na hakuna hata moja iliyopokea "endesha".

Sasa, ile programu. Maonyo yake yanatokana na orodha iliyojengwa vibaya, basi rekebisha orodha. Istilahi huorodheshwa kwa dhana. Kila dhana inapata kitomeo chake, hata kama Kiingereza kinatumia neno moja kwa zote. Mwandikie mteja kwa upole, umpe mapendekezo yaliyokamilika: "run" ikiwa peke yake itolewe kwenye orodha, na badala yake viingie vifungu vizima, kwa mfano "run dry", "run the engine", "running temperature", kila kimoja na Kiswahili chake na sentensi moja ya mfano. Ambatanisha sentensi nne au tano kutoka kwenye mwongozo wake mwenyewe, zikionyesha matokeo ya kutumia "endesha" na matokeo ya tafsiri yako. Wateja wengi wakiona hivyo wanakubali, maana hakuna anayetaka pampu zake zirudishwe dukani zimeungua. Akikataa, weka tafsiri sahihi, onyo liache lilivyo, na umwachie maelezo pembeni ya sentensi. Usalama wa anayetumia mashine unatangulia usafi wa ripoti ya programu.

Tahadhari pia na kumbukumbu ya tafsiri, yaani hifadhi ambamo programu huweka sentensi ulizokwisha kutafsiri. Ukithibitisha "usiendeshe pampu kavu" mara moja, programu itakuletea sentensi hiyohiyo kwenye kazi ijayo, na mfasiri atakayekufuata ataiamini. Rudi nyuma uifute huko pia.

Na ukikutana na "dry run" katika sura ya mafunzo, usiihusishe na "run dry" ya sura ya maonyo. "Dry run" ni zoezi la majaribio, kupitia hatua zote kabla ya kazi yenyewe, na pampu katika zoezi hilo inaweza kuwa imezimwa au imejaa maji. Vipe vifungu hivyo viwili vitomeo tofauti kabisa.