Re: Dodoso la afya bwenini, wote wamejibu "hapana"

Salaam mwalimu. Kama nimekuelewa, umewapa kidato cha pili dodoso la afya na usalama, na swali la kuonewa wote wamejibu "hapana", ilhali kila wiki unasuluhisha kesi za bwenini.

Kabla hujagusa maswali, angalia nani alisimamia. Kama ni mwalimu wa nidhamu, au kiranja ndiye aliyekusanya karatasi, basi jibu unalo. Sisi tulimwomba nesi wa zahanati ya jirani asimamie, walimu wote wakatoka, madawati yakatenganishwa, kila mtoto akatumbukiza karatasi yake kwenye boksi lililozibwa kwa selotepu. Hakuna jina, hakuna namba ya mtihani. Maelezo marefu achana nayo, maana miandiko yao unaijua. Waweke vema tu. Hata kalamu gawa wewe, za rangi moja.

Halafu "Je, unaonewa?" ni swali la kumtia mtoto aibu. Dodoso la Shirika la Afya Duniani kwa wanafunzi, lililotumika Tanzania 2014, liliuliza ni siku ngapi katika siku 30 zilizopita. Mtoto anachagua idadi, hajiiti mnyonge.

Ila usirudie zoezi kabla hujajua nani atampokea atakayetaka kusema zaidi. Karatasi isiyo na jina huwezi kuifuatilia. Andika ubaoni 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Kibali cha wazazi malizana na mkuu wa shule kwanza.