Maswali ya Wasomaji: Bunduki na polisi wa Marekani, tatizo hasa ni nini?

Toleo hili nimeyaweka pamoja maswali ya Marekani maana yamekuwa mengi na yote yanazunguka palepale, risasi na polisi. Barua nimezifupisha, matusi nimeyatoa, hoja nimeziacha.

SWALI: Mhariri mambo vipi. Kijiweni kwetu Mbagala tumebishana mpaka kahawa imepoa. Mmoja anasema Wamarekani wanauana sababu ya muvi na magemu ya vita, mwingine anasema ni wagonjwa wa akili, mi nasema wamemsahau Mungu. Tumalizie ubishi.

JIBU: Poa kaka. Ubishi siumalizi ila nawaambia wote watatu mmeanzia pabaya. Magemu yanachezwa sana Japan na Korea Kusini na huko watu wanaouawa kwa bunduki kwa mwaka ni wa kuhesabika. Wagonjwa wa akili wapo kila nchi, na watafiti wa hukohuko Marekani walishapiga hesabu wakaona hata kama magonjwa makubwa ya akili yangetibika yote leo, vurugu za watu kuumizana zingepungua kama asilimia 4 tu, zilizobaki zinafanywa na watu wazima wa akili kama mimi na wewe. Na hiyo ya dini ndo inanichekesha, Mississippi ni kati ya majimbo yanayojaza makanisa kuliko yote na mwaka 2021 ndo iliongoza kwa vifo vya risasi, karibu watu 34 kwa kila watu 100,000, wakati Massachusetts ambako watu wengi Jumapili wamelala zao ilikuwa 3.4. Mara kumi hiyo, ndani ya nchi moja, muvi zilezile na magemu yaleyale.

Kinachotofautiana ni upatikanaji wa chuma chenyewe. Mwaka 2018 taasisi ya Small Arms Survey ilikadiria raia wa Marekani wana bunduki milioni 393, yaani kama 120 kwa kila watu 100, zimewazidi idadi. Sio kwamba kila mtu anayo, watu wazima wanaomiliki ni kama theluthi moja, ila mwenye nayo mara nyingi hana moja tu. Sasa wezi na wagomvi wapo London pia, watu wanalewa wanagombana wanawekeana visasi kama kawaida, ila ugomvi ambao kule unaishia na jicho kuvimba au kisu, Marekani unaishia mochwari, kwa sababu kwenye sekunde ile mtu amepandwa na hasira kitu kiko kiunoni au kwenye gari.

Alafu kuna jambo ambalo vijiwe vingi hawalijui, na naomba mlishike. Mwaka 2021 walikufa watu 48,830 kwa bunduki na zaidi ya nusu yao, kama 26,000, walijiua wenyewe. Waliouawa na wenzao walikuwa kama 21,000. Yale mauaji ya shuleni tunayoyaona kwenye taarifa ya habari yanatisha kweli ila kwa hesabu ni kipande kidogo sana. Mzee wa kizungu kijijini Wyoming, mke kafariki, yuko peke yake na bastola kwenye droo, huyo ndo sura ya vifo hivi kuliko jambazi wa kwenye muvi. Mtu akijaribu kujiua kwa vidonge mara nyingi anaokolewa, kwa bunduki karibu tisa kati ya kumi wanakufa. Kwahiyo bunduki sio chombo tu kinachosubiri mtu mbaya, uwepo wake wenyewe unabadilisha mwisho wa hadithi.

Na hao wanaouliwa na wenzao nao hawajasambaa sawasawa. Nenda St. Louis au Chicago utakuta risasi zinarudi kwenye mitaa ileile, mitaa ambayo miaka ya 1930 mabenki na serikali waliichora wekundu kwenye ramani kwamba huku wanakaa watu weusi msikopeshe, viwanda vikaondoka, shule zikachakaa, na polisi wakipiga kelele kutafuta shahidi hakuna anayefungua mlango maana hawaaminiki. Mauaji yasipopelelezwa yakaisha, ndugu wa marehemu wanamalizana wenyewe. Hapo umaskini unaingia, naukubali, ila umaskini bila bastola ya bei rahisi haufikishi maiti elfu ishirini.

SWALI: Kwani wanashindwa nini kupiga marufuku? Australia si waliweza? Nauliza kutoka Nakuru.

JIBU: Australia mwaka 1996 mtu mmoja aliua watu 35 pale Port Arthur, ndani ya wiki mbili serikali na majimbo wakakubaliana, wakanunua na kuharibu bunduki kama 650,000. Ila Australia haina bunduki kwenye katiba. Marekani inayo, marekebisho ya pili ya mwaka 1791, maneno machache kuhusu jeshi la wananchi na haki ya kubeba silaha ambayo wanasheria wameyatafuna miaka na miaka. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ikasema hiyo ni haki ya mtu binafsi kujilinda nyumbani kwake, mwaka 2022 ikaongeza kwamba ni haki hata akitoka nje. Sasa rais gani atakuja kukusanya?

Hata vitu vidogo vinakwama. Desemba 2012 wameuawa watoto 20 na watu wazima 6 shule ya Sandy Hook, miezi minne baadaye ukaletwa mswada kwenye Seneti wa kutaka tu wanunuzi wengi zaidi wakaguliwe rekodi zao, kura 54 zikaunga mkono, zinatakiwa 60, ukafa. Mpaka leo kwa sheria ya shirikisho duka lenye leseni linakukagua ila ukinunua kwa jirani yako sio lazima, inategemea jimbo. Ndo maana ukiniambia "mbona Chicago wana sheria kali na bado wanauana" nakuambia angalia ramani, jimbo jirani la Indiana liko pua na mdomo na mji wenyewe ulipofuatilia bunduki zilizokamatwa ukakuta nyingi zimetoka nje ya jimbo. Sheria ya mtaa mmoja haizuii buti la gari.

SWALI: Nyie waandishi mnapenda kutetea wahalifu. Polisi wa Marekani wanajilinda tu, mtu akitii haguswi. Mimi ni askari mstaafu, Arusha, najua ninachosema.

JIBU: Shikamoo mzee. Nusu ya maneno yako nakubaliana nayo kabisa na naanza nayo. Polisi wa Marekani wanauawa kweli, mwaka 2021 waliuawa kwa makusudi 73, na Julai 2016 pale Dallas mtu mmoja mwenye bunduki aliwaua watano kwenye maandamano. Askari wa Uingereza anasimamisha gari hana hata bastola na hana wasiwasi kwamba dereva anayo. Wa Texas anatembea kuelekea dirishani akijua kuna uwezekano mkubwa ipo. Hofu hiyo siyo ya kubuni. Na hapa ndo nasema yale mambo mawili tunayoyabishania kila siku kama vitu tofauti, bunduki za raia na ukatili wa polisi, ni fundo moja. Nchi iliyojaza silaha inazalisha askari wanaoona silaha kila mahali, hata kwenye simu na waleti.

Ila nusu ya pili hapana mzee. "Akitii haguswi" mwambie Philando Castile. Julai 2016 huko Minnesota alisimamishwa, akamwambia askari kwa upole kwamba ana bunduki, na alikuwa nayo kihalali kabisa ana kibali, sekunde chache baadaye akapigwa risasi akiwa amekaa na mkanda, mtoto wa miaka minne yuko siti ya nyuma. Askari alishtakiwa, mwaka uliofuata akaachiwa. Miaka ya nyuma, 1999, kijana wa Guinea Amadou Diallo alikuwa mlangoni kwake Bronx, akatoa waleti, askari wanne wakafyatua risasi 41. Wakaachiwa wote.

Kwanini wanaachiwa, ndo swali la kujiuliza, na jibu lake liko kwenye hukumu ya mwaka 1989 inayoitwa Graham v. Connor. Mahakama ya Juu ilisema nguvu ya askari ipimwe kwa jicho la askari mwenye busara aliyekuwa pale kwenye sekunde ile, sio kwa kuangalia nyuma baadaye tukiwa tumetulia na video. Inasikika ya haki na kwa kiasi fulani ni ya haki. Ila matokeo yake hofu ya askari inageuka kuwa ushahidi, akisema "nilidhani ana silaha" kwenye nchi yenye silaha milioni karibu mia nne, ni nani kwenye jopo la raia wanaoamua kesi atasema alidhani vibaya?

Weka na mafunzo. Ujerumani askari anasoma miaka miwili na nusu mpaka mitatu. Marekani wastani wa chuo ni masaa kama 830, miezi mitano hivi, na uchunguzi uliofanywa 2015 ulikuta kuruta anapewa masaa 58 ya kulenga shabaha na 8 ya kutuliza ugomvi kwa maneno. Alafu sio jeshi moja kama letu lenye IGP mmoja, ni vyombo kama 18,000, kijiji kina polisi wake, chuo kikuu kina wake, na aliyefukuzwa huku anaweza kuajiriwa kule. Mwisho wa siku wanaua kwa risasi watu kama elfu moja kwa mwaka, kila mwaka tangu 2015 gazeti la Washington Post lilipoanza kuwahesabu, na walianza kuhesabu waandishi kwa sababu serikali yenyewe haikuwa na hesabu kamili, hilo mzee kama askari litakushangaza kuliko mimi.

SWALI: Ni ubaguzi au sio? Jibu fupi tafadhali.

JIBU: Ni ubaguzi na sio ubaguzi peke yake. Kwa idadi wazungu wanaouawa na polisi ni wengi kuliko weusi, kwa uwiano mweusi anauawa zaidi ya mara mbili ya mzungu. Ukiondoa ubaguzi wote bado wangebaki na vifo vingi kuliko Ulaya nzima. Ukiondoa bunduki zote bado George Floyd, yule mweusi wa Minneapolis mwaka 2020, alikufa kwa goti la askari shingoni.

SWALI: Jambo ndugu. Mimi ni Mkongo wa Kivu, niko hapa Michigan tangu zamani. Kifo cha Patrick Lyoya kilituvunja moyo sisi wote wa kambini. Wengine wanasema kosa ni lake alishuka kwenye gari. Wewe unasemaje?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na poleni wote. Kwa wasiomjua, Patrick alikuwa na miaka 26, familia ilikimbia vita Kongo ikafika Marekani 2014. Tarehe 4 Aprili 2022 askari wa Grand Rapids alimsimamisha kwa sababu plate namba haikuendana na gari. Akashuka. Askari akamwambia rudi ndani, yeye anauliza nimefanya nini, wakashikana, akakimbia kidogo, wakagombania ile bunduki ya shoti ya umeme, mwisho askari yuko juu ya mgongo wake akampiga risasi ya kichwa. Baba yake aliongea na waandishi kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Askari alifukuzwa kazi, akashtakiwa, Mei 2025 jopo likashindwa kukubaliana na mwendesha mashtaka akaamua kesi isirudiwe.

Sasa hili la kushuka. Huku kwetu trafiki akikupiga mkono unashuka, unamfuata, unasalimia, "afande habari za kazi", kubaki umekaa ndani ndo dharau. Kule kushuka kunasomwa kama shambulio. Mtu aliyelelewa kwenye adabu yetu anafanya heshima, askari aliyelelewa kwenye hofu ile anaona hatari. Sisemi ndo kilichotokea kichwani kwa Patrick, hilo hakuna wa kulijua, ila nasema kushuka kwenye gari sio kosa la kifo popote duniani na plate namba inatumiwa barua nyumbani.

SWALI: Mwanangu wa kiume kapata chuo Texas anaondoka mwezi wa nane. Nasikia haya mambo silali. Nimwambie nini? Mama, Tanga.

JIBU: Shikamoo mama. Kwanza lala, wanafunzi wetu wako kule kwa maelfu na wanarudi na digrii zao. Ila mwambie bila kumficha. Texas tangu 2021 mtu mzima anaweza kubeba bastola bila kibali, na kwenye vyuo vya serikali wenye leseni wanaruhusiwa kuingia nazo, kwahiyo tabia ya kubishana na mtu barabarani, kupiga honi za hasira, kugonga mlango wa nyumba asiyoijua usiku, aziache Tanga. Akisimamishwa asogeze gari pembeni azime injini, kama ni usiku awashe taa ya ndani, mikono miwili juu ya usukani ionekane, asishuke mpaka askari amwambie, na leseni asiitafute kabla hajaulizwa, akiulizwa aseme iko mfuko gani kisha apeleke mkono polepole. Kama kaonewa atalalamika baadaye kwa maandishi, sio pale barabarani. Ni uonevu kumfundisha mtoto hivi, wamama weusi wa kule wanafundisha hivihivi vizazi na vizazi na wao hawajaupenda.

Kingine mama, rafiki akichanganyikiwa, ameanza kuongea peke yake au kutaka kujidhuru, namba ya kuanza nayo ni 988 ya msaada wa afya ya akili, sio 911 ya dharura inayoleta polisi moja kwa moja. Mwaka 2016 huko El Cajon, California, mkimbizi wa Uganda Alfred Olango dada yake aliwaita polisi wamsaidie hali yake haikuwa nzuri, wakaja wakamuua, mkononi alikuwa na kifaa cha kuvuta mvuke. Na mwanao akikamatwa kwa lolote ana haki ya kusema ubalozi wetu Washington ujulishwe, aseme hilo, aombe wakili, na baada ya hapo anyamaze.