Jibu: Igizo la nje na mvua za vuli Mwanza

Pole sana ndugu yangu, wewe na kikundi chako. Umeuliza kama muahirishe igizo lenu la ufukweni hadi Juni, maana mvua inakatiza mazoezi kila mara. Mimi nisingeahirisha. Kweli Juni hadi Agosti Mwanza huwa kukavu, ila waigizaji walioshika maneno leo hutawapata wote wakati huo.

Tafuteni ukumbi wa darasa, pimeni sakafu kwa chaki ilingane na jukwaa lenu, mvua ikinyesha mhamie humo bila kupoteza siku. Uwanjani nendeni kwa ajili ya sauti tu. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, basi waigizaji wakae upande wa ziwa, watazamaji wawaelekee. Upepo utawapelekea maneno. Mkigeuza, hata mwenye koo la chuma hatasikika. Kama ufukwe wenu unatazama magharibi, anzeni jua likishazama, lisiwapige watu machoni.

Radi msiifanyie mzaha, hasa kwenye ziwa hili. Ngurumo ikisikika, zimeni jenereta, watoeni watoto chini ya miembe, msirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mwongozaji akibisha, mkatalieni.

Ngoma nazo zifunikeni. Ngozi ikipata unyevu hulegea na mlio unakuwa mzito, kwa hiyo mtu mmoja akae na moto wa kuziwamba kabla ya kila onyesho. Mawe yakilowa huteleza mno, mchezaji asiyapande.