Skripti inaonekana sawa lakini inagoma: tazama baiti zake

Ndugu yangu, umesema skripti uliyoiandika kwenye Windows inagoma kwenye Linux, inalalamika kuwa faili haipo, wakati unaiona kwa macho yako. Tafadhali usianze kuiandika upya. Kihariri kinakuonyesha maandishi tu, na ninavyoona tatizo lako limejificha kwenye baiti, yaani namba ambazo kompyuta hutumia kuhifadhi maandishi hayo.

Kwenye terminali tumia xxd, programu inayoonyesha baiti za faili. Andika hivi:

xxd -g 1 -l 64 skripti.sh

Utapata baiti 64 za mwanzo: kushoto nafasi ndani ya faili, katikati baiti zenyewe kwa namba za msingi wa 16, kulia herufi zake. Hiyo -g 1 usiiache. Bila hiyo xxd huunganisha baiti mbili mbili, na katika #!/bin/bash (mstari wa kwanza, unaotaja bash kuwa programu ya kuendesha skripti) baiti unayoitafuta, 0d, hunata kwenye herufi h, ikasomeka 680d, ukaipita bila kuiona.

Sasa angalia mwisho wa mstari wa kwanza. Ukikuta 0a peke yake, yaani alama ya Linux ya kufunga mstari, hapo hapana shida. Ukikuta 0d 0a, basi umemkamata mwizi: Windows hufunga mstari kwa baiti mbili, na Linux huihesabu 0d kuwa sehemu ya jina la programu, ikatafuta bash isiyokuwepo.

Weka nakala kwanza, kisha ondoa 0d (hapa huandikwa \r) mwishoni mwa kila mstari:

sed -i 's/\r$//' skripti.sh

Mwanzoni mwa faili ukikuta ef bb bf (alama isiyoonekana iitwayo BOM) kabla ya 23 21, yaani #!, hifadhi tena faili kwenye kihariri kama UTF-8 isiyo na BOM. Kama huna xxd, od -c itakuonyesha \r waziwazi.