Maswali ya Wasomaji: Nguo zinatoka na moto, lakini bado ni mbichi

SWALI: Ndugu mshauri, mwaka jana nilinunua mashine ya kukaushia nguo iliyokwisha kutumika, ya aina ile yenye bomba nene la kutolea hewa kwa nyuma, nikaiweka stoo, ambako kuna dirisha moja dogo la luva lenye wavu wa mbu. Kwa kuwa nyumba ni ya kupanga sikutaka kutoboa ukuta, hivyo mdomo wa bomba nimeuegemeza kwenye wavu huo. Wakati wa kipupwe nguo zilikauka kwa saa moja na ushei. Tangu masika yaanze, taulo na jinzi za watoto huzunguka zaidi ya saa mbili, zikatoka na moto lakini bado mbichi, na kuta za stoo zinatoka jasho. Fundi ameniambia hita imekufa, ninunue nyingine. Je, nifanye hivyo?
Mama wa watoto wanne, Tabata

JIBU: Dada yetu, tunakuomba usinunue hita kwa sasa. Hita iliyokufa haiwezi kutoa nguo zenye moto, na umetuandikia mwenyewe kwamba zako zinatoka na moto. Kinachokosekana hapo ni njia ya hewa.

Mashine ya aina yako huvuta hewa ya chumbani, huipasha moto, huipitisha katikati ya nguo zinazozunguka, kisha huisukuma nje kupitia bomba. Joto huyageuza maji kuwa mvuke, lakini mvuke huo hauondoki kwenye nguo mpaka hewa iubebe. Hewa ikizuiwa, joto hupanda kupita kiasi ndani ya mashine, thamostati hukata hita kwa muda, kisha huiwasha tena ikishapoa. Huenda fundi wako aliipima wakati imekatwa, akadhani imeungua.

Kizuizi chenyewe, kwa maelezo yako, ni wavu wa mbu. Kila mzigo wa nguo hutoa vumbi la nyuzi, na sehemu ya vumbi hilo hulipita chujio la mashine na kwenda kunasa kwenye matundu ya wavu hadi linakuwa kama blanketi. Hewa iliyokosa pa kutokea hurudi stoo, na mashine huivuta tena ikiwa na unyevu wake ule ule. Kilo 6 za nguo, hata zikishakamuliwa vizuri kwenye mashine ya kufulia, hubaki na maji ya lita 3 hivi au zaidi, na maji hayo ndiyo unayoyaona yakitiririka ukutani. Wakati wa kipupwe hewa ya Dar es Salaam ina unyevu kidogo kuliko sasa, ndiyo maana kasoro hii haikujitokeza mapema.

Chomoa mashine kwenye soketi, ondoa bomba, ulikung'ute na kulisafisha lote. Kisha toa vioo viwili vya luva, weka mahali pake kipande cha mbao nyembamba chenye tundu la duara linalolingana na bomba, ambalo kwa kawaida huwa na upana wa sentimita 10, na upitishe bomba hadi nje kabisa, likiwa fupi na lililonyooka kadiri inavyowezekana. Hapo mwenye nyumba hatakuwa na ukuta wa kudai. Usirudishe wavu kwenye tundu hilo. Tumia kifuniko chepesi kinachofunguka kwa msukumo wa hewa na kujifunga mashine inapozimwa. Mlango wa stoo uuache wazi kidogo, kwa sababu hewa inayotolewa nje ni lazima ifidiwe na nyingine. Jambo hili tunalisisitiza kwa dhati, maana nyuzi kavu zilizorundikana karibu na hita hushika moto upesi, na nyumba zimewahi kuungua kwa sababu hiyo.

Chujio nalo lisafishwe kila baada ya mzigo. Ukitumia dawa ya kulainisha nguo, lijaribu kwa kulimwagia maji kidogo: yakituama juu yake badala ya kupita, lina utando wa dawa, lioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini. Taulo na jinzi zikaushwe peke yake, pipa lisijazwe kupita nusu, na kwenye kufua uchague kasi kubwa ya kukamua ambayo vitambaa vinaistahimili, kwa kuwa kuigeuza lita moja ya maji kuwa mvuke hula zaidi ya nusu uniti ya umeme, ilhali kukamua hula kidogo sana.

Ukishayafanya hayo, washa mashine na uweke kiganja nje, kwenye mdomo wa bomba. Hewa ikitoka kwa nguvu na ina moto, tatizo limekwisha. Ikitoka kwa nguvu lakini ya uvuguvugu, hasa jioni, mwombe fundi apime umeme kwenye soketi mashine ikiwa inafanya kazi, kwa sababu hita iliyotengenezwa kwa volti 230 ikipata volti 180 hutoa takriban asilimia 61 tu ya joto lake. Ikitoka baridi kabisa wakati volti ni kamili, hapo ndipo hita na thamostati zipimwe, na fundi akuonyeshe kipimo chenyewe kabla hujatoa fedha.