Kampasi tatu, seva tatu, namba moja

SWALI: Mimi ni mkutubi katika chuo kikuu chenye kampasi tatu, na kila maktaba ina seva yake ya DSpace, yaani programu ya kuhifadhi na kuonyesha tasnifu mtandaoni. Mwaka jana seva yetu ilibadilishiwa anwani, viungo vyote vya tasnifu vikafa. Sasa tumeambiwa tuunganishe zote tatu. Tuanzie wapi? Na sisi wa kampasi ndogo hatutamezwa?

JIBU: Mkutubi mwenzangu, kabla ya lolote fungua tasnifu yoyote utazame mwisho wa anwani yake. Ukikuta 123456789, kisha mkwaju na namba nyingine, ujue ugonjwa ulianza siku mfumo uliposimikwa. Hiyo moja hadi tisa ni namba ya mfano tu ambayo DSpace huja nayo. Ilitakiwa ibadilishwe, kiwekwe kiambishi, yaani namba ya mwanzo ya chuo chenu, mlichosajili kwenye mfumo wa Handle unaotoa anwani za kudumu. Kiambishi hicho ni kama sanduku la posta: unahama nyumba, sanduku halihami. Vyuo vingi vimeisahau, kwa hiyo msione haya.

Hatari iko hapa. Kama seva zote tatu zinatumia namba hiyo, basi 123456789/412 kwenu ni utafiti wa korosho, kwa wenzenu ni sheria ya ardhi. Mkizimwaga pamoja zitagongana.

Kwanza sajilini kiambishi kimoja cha chuo. Kisha toeni CSV (faili la jedwali) ya rekodi za kila seva, yenye namba za zamani. Hiyo ndiyo kumbukumbu yenu. Halafu hamisheni rekodi kwa amri ya dspace export yenye -m, inayoacha namba za zamani nyuma. Mkiziingiza kwenye seva mpya, mfumo hutoa namba mpya na kuandika faili la ramani: folda hii, namba hii. Lilinganisheni na CSV, watu wa TEHAMA waelekeze kila anwani ya zamani kwenye mpya. Hata ile iliyokufa, kama jina lake bado ni mali ya chuo, inaweza kufufuliwa kwa kazi hiyo tu.

Picha mama za TIFF, zile kubwa za awali zinazotoka kwenye skana, msizipandishe huko. Ukurasa mmoja wa A4 wa rangi, dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), ni kama MB 26 bila kubanwa. Tasnifu ya kurasa 200 inapita GB 5. Wasomaji wapewe PDF, TIFF zikae kwenye hifadhi nyingine yenye nakala.

Kuhusu kumezwa: Chuo Kikuu cha California kina kampasi 10 na kilianzisha maktaba ya kidijitali ya pamoja mwaka 1997. Hazina yao ya eScholarship, iliyoanza 2002, ni moja, lakini kila kampasi ina ukurasa wake. Kwenye DSpace, kampasi yenu iwe jamii (community, yaani fungu la makusanyo) ya ngazi ya juu, nawe upewe usimamizi wake: kupokea, kuhariri na kuidhinisha. Dai hilo liandikwe kwenye makubaliano kabla seva yenu haijazimwa, maana baadaye hutakuwa na cha kushikia.